Kipandauso kinawaandama wanawake kuliko wanaume: wenye wake, dada na mabinti someni hapa

Nesi_wa_Ihumwa (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni muuguzi kwenye zahanati moja pembezoni mwa jiji letu la Dodoma. Uzi huu nauandika kwa ajili ya wanawake ninaowapokea mwezi baada ya mwezi na tatizo lilelile. Mama anaingia kashika upande mmoja wa kichwa, kanga kaifunga kwa nguvu kwenye paji la uso, macho kayafinya hataki mwanga. Anaomba apimwe malaria. Tunapima, hamna kitu. Anauliza taifoidi. Presha iko sawa. Anaondoka na panadol, na mwezi ujao, siku zake zikikaribia, yuleyule karudi. Ukimuuliza nyumbani wanasemaje, atakwambia mume anaona anakwepa kazi, mama mkwe anaona kuna mkono wa mtu.

Anachoumwa ni kipandauso. Ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, mara nyingi unatembea kwenye ukoo. Maumivu hukaa zaidi upande mmoja, yanadunda kwa kufuata mapigo ya moyo, yanazidi ukiinama kunyanyua ndoo au ukipanda ngazi. Yanakuja na kichefuchefu au kutapika, na mtu havumilii mwanga wala kelele. Bila dawa yanaweza kudumu saa 4 hadi saa 72. Wengine siku moja kabla wanapiga miayo hovyo, shingo inakaza, hamu ya sukari inawashika. Kichwa kikitulia bado siku nzima mtu ni mchovu na akili nzito.

Kuna jambo wanawake wengi wananieleza kwa aibu, kwamba hata kuchana nywele kunauma. Kitana, hereni, kulalia mto upande ule, vyote vinauma. Mmoja alifumua nywele alizokuwa amesuka wiki hiyohiyo akidhani msusi amembana. Kumbe mishipa ya fahamu ilikuwa imeamka kiasi kwamba kuguswa kwa kawaida ubongo unakupokea kama maumivu. Hali hiyo imeonekana zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, kwa hiyo tafadhali msiwaambie wanadeka.

Sasa, kwa nini wanawake?

Duniani kipandauso kinawapata watu zaidi ya bilioni 1, karibu mtu 1 kati ya 7, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Kwenye hesabu za mzigo wa magonjwa duniani za mwaka 2019, kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 hakuna ugonjwa uliowaondolea siku nyingi za kuishi wakiwa na afya zao kuliko huu. Haya si mambo ya Ulaya peke yake. Kule Haydom, Mbulu, watafiti walizunguka vijijini nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za kichwa, na huko nako wanawake waliokutwa na kipandauso walikuwa wengi kuliko wanaume.

Angalieni watoto mtaelewa chanzo. Kabla ya kubalehe, wavulana na wasichana wanalingana, na wavulana hata huanza mapema kidogo. Binti akishavunja ungo ndipo njia zinaachana: wasichana wanapanda, wavulana wanabaki chini. Pengo linakuwa kubwa kabisa kwenye miaka ya 30 na 40, miaka ambayo mwanamke ana watoto, kazi, shamba na wazazi wa kuwatunza. Kisha hedhi ikikoma moja kwa moja, wengi wanapata nafuu.

Kinachofuata ngazi hizo zote ni homoni, hasa estrojeni. Watu wengi wanaelewa kwamba estrojeni ikiwa nyingi ndiyo mbaya. Tatizo kubwa ni pale inapoporomoka. Siku chache kabla ya hedhi estrojeni inashuka ghafla, na kichwa kinaingia kuanzia siku mbili kabla ya damu hadi siku ya tatu ya hedhi. Mwaka 1972 huko Australia, mtafiti Somerville aliwachoma wanawake wenye kipandauso cha hedhi sindano ya estrojeni kabla ya siku zao. Hedhi ilikuja kwa wakati wake, lakini kichwa kilichelewa mpaka ile estrojeni ya sindano nayo iliposhuka. Mimi huo ushahidi naupenda sana, unatenganisha damu na kichwa waziwazi.

Ndiyo maana mjamzito, estrojeni ikiwa juu na imetulia, mara nyingi anapumua kuanzia mwezi wa nne na kuendelea. Akijifungua, homoni inaanguka ndani ya siku chache, kichwa kinarudi. Na mama wa miaka 45 ambaye hedhi inaruka mwezi huu na kuja mara mbili mwezi ujao anaumwa kuliko alivyokuwa binti, kwa sababu homoni zinapanda na kushuka bila mpangilio.

Ndani ya kichwa kinachotokea ni hiki. Kuna neva kubwa inayopeleka hisia za uso na utando unaofunika ubongo. Ikichokozwa inamwaga protini ndogo iitwayo CGRP, mishipa ya damu inatanuka na maumivu yanawaka. Estrojeni inagusa mfumo huohuo, ikiwa pamoja na kemikali ya serotonini. Wanaume testosteroni inaelekea kuwapa kinga kiasi. Wanasayansi wanne walioifuatilia CGRP na neva hiyo, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa tuzo kubwa ya utafiti wa ubongo mwaka 2021, na dawa mpya za kuzuia kipandauso nchi za nje zinailenga CGRP hiyo.

Homoni inaandaa ubongo, halafu maisha yanausukuma. Hapa kwetu sababu za kusukuma zimejaa: jua la Septemba na Oktoba, upepo wa Julai na vumbi lake, moshi wa mkaa, kulala saa tano na kuamka saa kumi alfajiri kuwahi maji yanapotoka kwa zamu. Mwanamke anaandaa chai ya wote, yeye anaondoka na njaa. Anapanda daladala kwenda Mtumba, chupa ya maji hana, au anayo na hanywi kwa sababu anaogopa kutafuta choo. Kukosa mlo, kukosa maji, kukosa usingizi na mwanga mkali vinaamsha kipandauso kwa yeyote mwenye ubongo wa aina hiyo, mwanamke au mwanaume. Ila tazameni nani kwenye nyumba zetu anavikosa vyote kwa pamoja.

Na kuhusu malaria: Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Kupima ni sawa, pimeni. Kipimo kikisema hakuna, usimeze dawa mseto kwa ajili ya kichwa.

Ninachowaomba dada zangu ni daftari. Andika tarehe hedhi ilipoanza, tarehe kichwa kilipouma, uliona nini, ulikula nini, ulimeza nini. Miezi mitatu ya daftari hilo inamsaidia daktari kuliko picha ya kichwa ya mamia ya maelfu. Karibuni tujadili.

---

Kijana_Chamwino

Nesi shukrani kwa uzi. Ila nina swali la dhati. Wanaume nao kichwa kinauma, sisi tunameza dawa tunaendelea na kazi. Wanawake wanaenda hospitali zaidi, kwa hiyo si wanahesabiwa zaidi tu?

---

Nesi_wa_Ihumwa

Mkuu swali zuri. Ndiyo maana nimetaja Haydom. Ukihesabu wanaokuja zahanati, kweli utawaona wanawake zaidi kuliko hali halisi. Ukienda nyumba kwa nyumba unamkuta na yule ambaye hajawahi kukanyaga hospitali, na pengo bado lipo. Isitoshe kwa mwanamke kichwa chenyewe hukaa muda mrefu zaidi, kinatapisha zaidi, na kinarudi kwa urahisi hata baada ya dawa.

Lakini una hoja upande wa pili. Wanaume wengi wana kipandauso na hawaambiwi, kwa kuwa wanakaa kimya. Na kuna maumivu mengine yanayowapenda wanaume zaidi: yanakuja nyuma ya jicho moja, jicho linatoa machozi, pua inaziba upande huohuo, dakika 15 hadi saa 3, na mtu hatulii, anazungukazunguka chumbani. Hayo yana matibabu yake tofauti. Ukiyaona, nenda hospitali usijitibu.

---

Dereva_Nzuguni

Mimi ni mwanaume na ninacho. Nilikuwa naendesha basi kutoka Singida, tukiwa tumeshapita Manyoni nikaona kitu mbele ya jicho la kushoto. Mstari wa zigizaga unang'aa, unatetemeka, unakua taratibu kwenda pembeni. Katikati nikimtazama mtu uso siuoni. Nikasimamisha gari pembeni, nikamwambia utingo abiria washuke wanyooshe miguu. Baada ya kama nusu saa macho yakarudi, kikafuata kichwa ambacho sijawahi kuumwa. Pale nilipotibiwa mtu mmoja akaniambia huu ni ugonjwa wa akina mama. Nikanyamaza miaka mingi, hata mke wangu sikumweleza.

---

Nesi_wa_Ihumwa

Kaka pole sana, na ulifanya jambo la maana mno kusimama. Hiyo ni aura. Inakuja kwa sababu wimbi la mabadiliko ya umeme linatambaa polepole juu ya ubongo, likipita sehemu ya kuona ndipo unaona hizo zigizaga. Mbrazili Aristides Leão ndiye aliyeliona wimbi hilo kwanza, mwaka 1944, kwa wanyama wa maabara. Aura inachukua dakika 5 hadi 60 kisha inaondoka. Karibu mtu 1 kati ya 3 au 4 wenye kipandauso wanaipata. Usiendeshe mpaka macho yawe safi kabisa. Na kama unavuta sigara, acha. Nitaeleza kwa nini nikimjibu yeyote anayetumia vidonge vya majira, yaani vya uzazi wa mpango, maana naona linakuja.

---

binti_ilazo

Dada nesi ni kama umeniona. Nina miaka 24. Nilikuwa nasoma tangazo la ubao chuoni, herufi za katikati zikapotea, pembeni pakaanza kumeta. Nikadhani napofuka. Halafu ganzi ikapanda kwenye vidole vya mkono wa kulia mpaka mdomoni. Nikaenda kupimwa macho nikapewa miwani, miwani haijasaidia kitu. Na vidonge vya majira natumia, mwaka sasa. Nilipopewa niliulizwa presha tu, habari za kichwa sikuulizwa. Kuna tatizo?

---

Nesi_wa_Ihumwa

Mdogo wangu, lipo, na ni afadhali umelisema. Vidonge vya kawaida vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Mwanamke mwenye kipandauso chenye aura hatari yake ya kiharusi ni kama mara mbili ya mwenzake asiye nacho. Kwa umri wako hatari yenyewe bado ni ndogo, usipaniki. Lakini estrojeni ya vidonge inaongeza juu yake, na sigara inaongeza tena. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi: mwenye kipandauso chenye aura, wa umri wowote, asitumie njia yenye estrojeni. Asiye na aura anaweza kutumia akiwa chini ya miaka 35, akifika 35 abadilishe.

Nenda kliniki ya uzazi wa mpango wiki hii, waambie maneno yaleyale uliyoandika hapa, ya zigizaga na ganzi. Zipo njia zinazokufaa: kijiti, kitanzi cha shaba, vidonge vya homoni moja vile wanavyopewa wanaonyonyesha. Usiache kidonge leo ukabaki bila kinga, badilisha. Na hiyo ganzi ionwe na daktari, si na nesi wa mtandaoni. Kama siku moja ganzi au udhaifu wa upande mmoja utakuja ghafla kwa mkupuo, au usiondoke ndani ya saa moja, hiyo ni dharura, kimbia hospitali.

---

mfamasia_makole

Nesi kaeleza vizuri, naongeza upande wangu wa dawa maana hapa dirishani ndipo mambo yanapoharibikia.

Kwanza, watu wanachelewa. Kidonge kinachomezwa kichwa kikianza kinafanya kazi, kinachomezwa baada ya saa tatu mtu anatapika hakifiki popote. Wakati wa kipandauso tumbo lenyewe linalala, dawa inakaa humo haiendi. Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, matatizo ya figo wala mimba, ibuprofeni miligramu 400 mapema baada ya kula kitu, au aspirini miligramu 900. Asiyeweza hizo, parasetamoli gramu 1, na isizidi gramu 4 kwa saa 24. Anayetapika anahitaji metoklopramidi pamoja nayo, hiyo aandikiwe. Wenye pumu wengine aspirini na jamii yake inawabana kifua, semeni kabla ya kununua.

Pili, kipandauso cha hedhi kinachokuja kwa tarehe inayojulikana, daktari anaweza kukuanzishia dawa ya jamii ya ibuprofeni, mfano naproksini, siku mbili kabla na kuendelea siku chache tu. Inafaa pia kwa sababu siku za hedhi mwili unatoa prostaglandini, zinazoleta maumivu ya tumbo na kuongeza ya kichwa. Daftari la nesi ndiyo ramani ya hapo.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Kuna akina mama wananunua diclo (diklofenaki, dawa ya maumivu) na panadol kila siku. Dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko na zile maalumu za kipandauso siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaanza kuzalisha kichwa. Mtu anaamka kinauma, anameza, kinatulia, jioni kinarudi. Anaongeza. Anayejiona hapa asione aibu, aje tuongee, kuacha kunawezekana ila kwanza kichwa kitazidi kwa siku kadhaa.

Sumatriptani, mojawapo ya zile dawa maalumu za kipandauso, iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Ni nzuri kwa wanaotapika na wasiosikia ibuprofeni. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo, aliyepata kiharusi, au presha isiyodhibitiwa. Usitegemee kuikuta kila duka la dawa muhimu, ulizia famasi kubwa ukiwa na cheti.

---

Mzee_wa_Kibaigwa

Wanangu, nimesoma yote. Marehemu mke wangu aliteseka na kitu hiki miaka yote aliyozaa. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa jadi, akachanjwa hapa kwenye kipaji na pembeni ya jicho, makovu alikufa nayo. Tulisema ni mashetani kwa sababu kila mwezi yalikuwa yanakuja na tarehe. Kwa hiyo hiyo tarehe ilikuwa ni hedhi?

---

Nesi_wa_Ihumwa

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa kuondokewa na mama.

Ndiyo baba, kwa unavyoeleza, tarehe ile ilikuwa hedhi. Na mlikuwa mmeliona jambo la kweli, kwamba linakuja kwa mpangilio. Sababu ndiyo hamkuwa mmeambiwa. Hapakuwa na zahanati ya karibu wala mtu wa kuwaeleza. Mlimpeleka mlikoamini atapona.

Kwa wajukuu naomba hili: mabinti wa mama yule wanaweza kuwa wameurithi. Wakianza kulalamika kichwa baada ya kuvunja ungo, wasichanjwe. Kuchanja hakufiki kwenye ile neva, na wembe unaleta maambukizi. Wakiombewa sawa, lakini waende hospitali pia.

---

Mzee_wa_Kibaigwa

Marahaba mwanangu. Yuko mmoja yuko kidato cha pili Kongwa, wanamrudisha nyumbani kila mwezi. Nitaongea na mama yake leo.

---

Nesi_wa_Ihumwa

Baba, na mwalimu wa malezi aambiwe. Binti akiruhusiwa kumeza dawa mapema, kunywa maji na kulala saa moja au mbili kwenye chumba chenye giza, mara nyingi anarudi darasani siku hiyohiyo. Asiruke uji wa asubuhi. Ila kwa umri wake kipimo cha dawa kipangwe na daktari, na aspirini asipewe.

---

Mama_Kikuyu

Mimi nina 48. Nilipokuwa msichana kilikuwa kinakuja kwa mwezi mara moja, sasa hivi kila wiki. Hedhi yenyewe sijui inakuja lini. Daktari kaniandikia amitriptilini, nikasoma karatasi nikaona ni dawa ya sonona. Dada yangu akaniambia usinywe, ndivyo wanavyoanza, mwisho utaishia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nimeziweka kabatini.

---

Nesi_wa_Ihumwa

Dada yangu, zitoe kabatini. Dawa moja inaweza kufanya kazi mbili. Kwa sonona inatolewa kwa kiwango kikubwa. Kwa kipandauso inaanzwa kidogo sana, miligramu 10 au 25 usiku, kutuliza ubongo usiwake kirahisi. Mdomo utakauka kidogo, usingizi utakuwa mzito, ndiyo maana inanywewa jioni. Usiihukumu kabla ya wiki nane hivi za kuinywa kila siku. Propranololi nayo ni ya presha na moyo, na inazuia kipandauso vizuri, ila wenye pumu hawaruhusiwi.

Na hata ingekuwa ni Mirembe, pale panatibiwa watu wagonjwa kama hospitali nyingine yoyote. Naumia nikisikia jina la hospitali ile likitumika kutisha watu mpaka wanaacha dawa.

Kwa umri wako hali hii ndiyo kipindi kigumu zaidi, homoni zinayumba. Hedhi ikishakoma kabisa, wengi kinapungua. Lakini usisubiri huku unaumia.

---

mfamasia_makole

Naongeza kwa akina dada ambao bado wanazaa: kuna dawa nyingine ya kuzuia, valproeti, inayotumika pia kwa kifafa. Inaharibu mtoto tumboni. Topirameti nayo ina hatari kwa mimba. Ukiandikiwa mojawapo, mwambie daktari kama unaweza kupata mimba. Na vidonge vya ergotamini havifai kwa mjamzito wala mwenye presha.

---

Kijana_Chamwino

Nimerudi. Nimemsomea wife uzi huu jana usiku, akalia. Sikujua. Nimfanyie nini kikimshika?

---

Nesi_wa_Ihumwa

Shemeji, umenifurahisha. Zima taa, funga pazia, zima redio, watoto watoe nje. Usikaange vitunguu wala kuwasha mkaa karibu naye, harufu inamtapisha. Mpe maji kidogokidogo, kitambaa cha baridi kwenye paji, na dawa yake mapema. Usimuulize maswali mengi. Ugali upike wewe siku hiyo.

Na siku ambazo haumwi ndizo muhimu zaidi. Akila kwa wakati, akilala saa zilezile, maji ya asubuhi ukiyachota wewe, utaona tofauti kwenye daftari lake. Mvinyo wa zabibu zetu baadhi ya watu unawaletea kichwa na wengine hauwafanyi kitu, ajichunguze mwenyewe. Kahawa na soda za kola zisizidi, na asiziache ghafla.

---

Mama_wa_mapacha

Nesi naomba msaada wa haraka. Nilikuwa nacho kabla, mimba ikakiondoa kabisa. Nimejifungua wiki tatu zilizopita. Tangu jana kichwa kinauma sana, mbele na juu, naona vinyota. Nanyonyesha. Nimeze nini?

---

Nesi_wa_Ihumwa

Mama, kabla ya dawa: presha umepimwa lini mara ya mwisho? Miguu au uso umevimba? Maumivu chini ya mbavu za kulia?

Inaweza kuwa kipandauso kimerudi, ndivyo kinavyofanya baada ya kujifungua. Lakini kichwa kikali chenye vinyota ndani ya wiki 6 baada ya uzazi kinaweza kuwa presha ya uzazi inayoleta kifafa cha mimba, na huja hata kwa mama aliyejifungua salama. Nenda kituo kilicho karibu sasa hivi. Usiende peke yako.

Na wengine wote mnaosoma, kichwa kilicholipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, kichwa chenye homa na shingo ngumu, chenye kupooza au kuropoka, kilichoanza baada ya kugongwa, cha mjamzito, cha mwenye kinga iliyoshuka, au kipya kabisa baada ya miaka 50, msikae nacho nyumbani mkisoma uzi.

---

Mama_wa_mapacha

Sijapimwa tangu nitoke wodini. Mume anatafuta bajaji.

---

Mama_wa_mapacha

Tumerudi. Presha 122 kwa 78, mkojo hauna protini, daktari amenichunguza macho na mishipa, anasema ni kipandauso changu kimerudi. Kaniambia nirudi kesho kutwa wapime presha tena. Kanipa ibuprofeni, ila mama mkwe anaogopa itaingia kwenye maziwa.

---

mfamasia_makole

Kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno. Ibuprofeni na parasetamoli ni salama kwa anayenyonyesha. Epuka aspirini, dawa zenye kodeini na ergotamini. Meza baada ya kula.

---

Nesi_wa_Ihumwa

Nimeshukuru kusikia. Hiyo kesho kutwa usiikose hata kama kichwa kimepona. Na mwambie mama mkwe namsalimu sana, leo awachukue mapacha ukishawanyonyesha, wewe ulale.